Kuifufua mazabodi baada ya umeme kukatika wakati wa kuflashi BIOS: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki cha kompyuta iliyokatikiwa umeme wakati BIOS yake (programu ya kwanza inayoiamsha mashine) inaandikwa upya, yaani inaflashiwa, kilitokea katika duka la steshenari kwenye mji mmoja wa mkoa nchini Tanzania. Jina la duka, majina ya mafundi na ya kampuni iliyotengeneza mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) yameondolewa. Vipimo, anwani za ndani ya chipu na amri zilizotumika vimeachwa, kwa kuwa ndivyo vitakavyomfaa fundi atakayeletewa mashine yenye ugonjwa huu.

Mashine, na kwa nini BIOS iliguswa

Ilikuwa kompyuta ya mezani iliyoungwa kwa vipuri tofauti: mazabodi ndogo yenye chipseti (chipu inayoratibu mawasiliano ya vipuri) ya Intel H310, prosesa Core i3-8100, RAM ya GB 8 na SSD ya SATA yenye Windows 10. Kazi zote za kuchapa dukani hapo zilipitia kwayo. Mwenye duka alipata prosesa ya mtumba, Core i5-9400, akataka ichukue nafasi ya i3. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri: soketi ni ileile LGA1151, matumizi ya umeme ni wati 65 kwa zote mbili, na kutoka viini 4 mtu anapata 6.

Prosesa mpya iliingia bila shida, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Hilo lilipaswa kutarajiwa. H310 ilitoka Aprili 2018, wakati i5-9400 ilitoka Januari 2019. BIOS iliyokuja na mazabodi hii haikuwa na maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) ya prosesa za kizazi cha tisa, kwa hiyo haikujua namna ya kuiamsha prosesa ile. Fundi wa kwanza alirudisha i3, akaangalia orodha ya prosesa kwenye ukurasa wa mtengenezaji, akaona i5-9400 inahitaji toleo jipya zaidi la BIOS.

Uamuzi wa kusasisha ulikuwa sahihi. Wengi hushauri kwamba BIOS isiguswe kama mashine inafanya kazi, na kwa kawaida ni ushauri mzuri, lakini hapa hapakuwa na njia nyingine ya kuitumia prosesa hiyo. Kosa lilikuwa kwenye namna na wakati.

Umeme ulivyokatika

Fundi alitumia programu ya mtengenezaji inayofanya kazi ndani ya Windows. Ilikuwa mchana, wateja wamejaa, na printa inaendelea kutoa kazi. Kompyuta ilikuwa kwenye UPS (kifaa cha akiba ya umeme) ya VA 650, na hilo lilimpa imani. Ila kwenye UPS hiyohiyo printa ya leza nayo ilikuwa imechomekwa.

UPS ya ukubwa huo hutoa takribani wati 360. Printa ya leza inapopasha ile roli ya moto inayogandisha tona kwenye karatasi, huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na printa nyingi hupita kabisa uwezo wa UPS ndogo. Umeme wa mtaa ulipokatika, UPS ilibeba mzigo ule kwa chini ya sekunde moja ikazima kila kitu. Mstari wa maendeleo kwenye skrini ulikuwa umekaribia mwisho.

Dalili na vipimo vya mwanzo

Umeme uliporudi, mashine iliwaka, feni zikazunguka sekunde chache, ikajizima, ikajiwasha tena yenyewe, na kuendelea hivyo bila kukoma. Hakuna picha. Taa ya Num Lock haikuitikia.

Fundi wa kwanza alitoa betri ya CR2032 akaiacha nje usiku kucha, kisha akagusanisha pini za kufuta CMOS. Hakuna kilichobadilika, na hakikuweza kubadilika. CMOS hutunza mipangilio tu: saa, mpangilio wa diski, kasi ya RAM. Programu yenyewe ya BIOS imo kwenye chipu ya flashi ya SPI yenye miguu minane, na chipu hiyo haihitaji betri ili ikumbuke. Ikiwa nusu imefutwa, itabaki nusu imefutwa hata betri ikikaa nje mwaka mzima.

Mashine ikapelekwa kwa fundi wa pili, mzoefu wa kutengeneza bodi. Huyu hakurukia BIOS. Alipima kwanza waya za kiunganishi cha pini 24: volti 12, 5, 3.3, na ile ya zambarau ya volti 5 inayobaki hai mashine ikiwa imezimwa. Zote zilikuwa ndani ya asilimia 5. Kisha akachomeka spika ndogo ya bodi, akatoa RAM zote, akawasha. BIOS iliyo hai, hata ikiwa na mipangilio iliyovurugika, hulalamika kwa milio ikikosa RAM. Hii haikutoa mlio wowote. Prosesa haikuwa inafikia hata hatua ya kutafuta RAM, maana yake haikuwa na maelekezo ya kutekeleza. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na kingefanywa siku ya kwanza kingeokoa usiku mzima wa kusubiri betri.

Flashi ya uokoaji

Kitabu cha mazabodi kilieleza njia ya uokoaji: weka faili la BIOS kwenye flashi ya USB yenye mfumo wa FAT32, lipe jina lililotajwa, chomeka kwenye mlango wa USB 2.0 wa nyuma, washa. Fundi alifuata kila hatua, akabadilisha flashi, akasubiri robo saa. Taa ya flashi iliwaka ikabaki hivyohivyo bila kupepesa.

Taa hiyo hudanganya watu wengi. Huwaka kwa sababu mlango wa USB umepata volti 5, na mlango hupata volti 5 hata kama hakuna programu inayousoma. Kinachothibitisha usomaji ni kupepesa.

Uokoaji wa aina hii hufanywa na kipande kidogo cha BIOS chenyewe, sehemu ya kuanzia, iliyo ndani ya chipu ileile. Kikiwa kizima, kitasoma flashi na kuandika upya sehemu nyingine zilizoharibika. Kikiwa kimefutwa, hakuna wa kusoma. Mazabodi zenye kitufe maalumu cha kuflashi ni jambo lingine: zina chipu ndogo ya pembeni inayoandika BIOS bila prosesa wala RAM. Kwa MSI faili huitwa MSI.ROM, kwa Q-Flash Plus ya Gigabyte huitwa GIGABYTE.bin, na ASUS hutoa programu ndogo ya kulipa faili jina sahihi. Mwenye kitufe hicho aanzie hapo na huenda akaishia hapo. Mazabodi hii ya bei ya chini haikuwa nacho.

Palitolewa pia wazo la kuazima mazabodi nyingine ya aina ileile, kuiwasha, kung'oa chipu yake ikiwa inafanya kazi na kupachika hii iliyoharibika ili iandikwe. Njia hiyo ilifaa enzi chipu zilipokaa kwenye soketi. Hapa chipu imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na hakuna sababu ya kuhatarisha mazabodi nzima kwa ajili ya ile mbovu. Wazo lilikataliwa, na kwa haki.

Mwenye duka aliuliza swali la kawaida: "Fundi, si tununue tu bodi nyingine?" Jibu lilikuwa kwamba leseni ya Windows imefungamanishwa na mazabodi hiyo, kwamba kupata H310 nzima ya mtumba mjini hapo si rahisi, na kwamba bodi yenyewe haijaungua popote. Kilichoharibika ni maandishi, na maandishi huandikwa tena.

Kuisoma chipu

Chipu ilipatikana karibu na chipseti: Winbond W25Q128, megabiti 128, yaani megabaiti 16, inayotumia volti 3.3. Herufi mbili zinazofuata namba 128 kwenye chipu zisomwe kwa kioo cha kukuzia kabla ya jambo lolote. Zikiwa FW au JW badala ya FV au JV, chipu ni ya volti 1.8, na kuipa 3.3 ni kuiua.

Kifaa kilichotumika kusoma na kuandika chipu ni CH341A, kile kibao cheusi cha bei ndogo ambacho mafundi wengi wanacho. Kibao hiki kina kasoro inayojulikana. Mguu wa umeme hutoa volti 3.3 kama inavyotakiwa, lakini chipu ya CH341A yenyewe hulishwa volti 5 kutoka USB, kwa hiyo nyaya za data nazo hupanda hadi karibu 5. Fundi aliweka mita kwenye nyaya za data kabla ya kugusa mazabodi, akakuta ndivyo. Chipu za Winbond haziruhusu mguu wowote upate zaidi ya sehemu ndogo ya volti juu ya umeme wao. Mbaya zaidi, ukitumia klipu inayobana miguu ya chipu ikiwa bado kwenye bodi, nyaya hizohizo zinaingia moja kwa moja kwenye chipseti, na chipseti ya H310 haiuzwi dukani.

Marekebisho si magumu kwa mwenye mkono mtulivu. Mguu wa 28 wa CH341A huinuliwa kutoka kwenye kibao na kuungwa kwa waya mwembamba kwenye tokeo la volti 3.3 la kirekebishi cha AMS1117, na mguu wa 9 nao huungwa kwenye 3.3 hiyohiyo. Baada ya hapo nyaya zote zilipimwa tena: 3.3. Asiye na uhakika wa kulehemu miguu midogo hivyo atafute kifaa kilichorekebishwa tayari, maana hatua hii hairukwi.

Jaribio la kwanza lilifanywa kwa klipu ya miguu minane, chipu ikiwa bado kwenye bodi. Saplai ilichomolewa kabisa, betri ya CR2032 ikatolewa, kitufe cha kuwashia kikabanwa ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Waya mwekundu wa klipu ulielekezwa kwenye mguu wa 1, ulio upande wa kidoti. Amri, ya programu ya kusoma na kuandika chipu iitwayo flashrom, ilikuwa:

flashrom -p ch341a_spi

Mara ya kwanza flashrom haikuona chipu yoyote. Klipu ilisogezwa, na sasa ikatoa kitambulisho sahihi, EF 40 18. Hapo ndipo mtu mwenye haraka angeandika. Fundi alisoma kwanza, tena mara mbili:

flashrom -p ch341a_spi -c "W25Q128.V" -r asili1.bin
flashrom -p ch341a_spi -c "W25Q128.V" -r asili2.bin
sha256sum asili1.bin asili2.bin

Mafaili mawili yalikuwa na ukubwa uleule, baiti 16,777,216, lakini alama za sha256 (namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, hubadilika hata baiti moja ikitofautiana) zilitofautiana. Chipu ni moja, hakuna aliyeiandika katikati, na bado majibu ni mawili. Angalau moja lilikuwa la uongo, labda yote.

Mita iliwekwa kati ya mguu wa 8 na wa 4, kifaa kikiwa kimechomekwa. Ilionyesha volti 2.5. Chipu hii inataka kati ya 2.7 na 3.6. Sababu ni kwamba mguu wa 8 umeungana na njia ya 3.3 ya mazabodi nzima. Kifaa kidogo cha USB kilikuwa kinajaribu kulisha chipu, chipseti na kila kitu kingine kilicho kwenye njia hiyo. Chipu ilipata umeme wa kutosha kutaja jina lake, si wa kutosha kusoma megabaiti 16 bila kukosea.

Wapo wanaotatua hili kwa kuchomeka saplai ya kompyuta ili bodi ijilishe yenyewe huku klipu ikiwa imeshika. Usifanye hivyo. Unakuwa na vyanzo viwili vya umeme vinavyogombania njia moja, na chipseti inaweza kuamka na kuanza kuisoma chipu wakati wewe unaiandika.

Uamuzi ulikuwa kuiondoa chipu. Mkanda wa kapton, unaostahimili joto, ulifunika plastiki na vipuri vya jirani, fluksi ikapakwa kwenye miguu, bloa (kipuliza hewa ya moto) ikawekwa nyuzi 350 kwa upepo mdogo, ikizungushwa bila kutuama mahali pamoja. Risasi ya kulehemu ilipoanza kung'aa pande zote chipu iliinuliwa kwa kibano bila nguvu. Anayevuta kabla risasi haijayeyuka hung'oa pedi, na pedi iliyong'oka ni kazi kubwa kuliko BIOS. Picha ya kidoti cha mguu wa 1 ilipigwa kwa simu kabla ya kuanza.

Kwenye soketi ya adapta, nje ya bodi, chipu ilisomwa mara tatu. Alama za sha256 zikalingana zote. Faili lile la kwanza la kwenye klipu lilipolinganishwa na haya, baiti zilitofautiana sehemu nyingi. Kama lingewekwa kama nakala ya akiba kisha chipu ikafutwa, akiba hiyo isingefaa kitu.

Kilichoonekana ndani

Faili lilifunguliwa kwa HxD, programu inayoonyesha baiti moja moja za faili, halafu kwa UEFITool, inayochambua muundo wa BIOS. Kwenye anwani 0x10 (0x huonyesha namba ya mfumo wa 16) kulikuwa na 5A A5 F0 0F, alama ya jedwali la maeneo la Intel, kwa hiyo mwanzo wa chipu ulikuwa mzima. Jedwali lilionyesha eneo la ME (Management Engine, programu ya kidhibiti kidogo kilicho ndani ya chipseti) kuanzia 0x1000 hadi 0x4FFFFF na eneo la BIOS kuanzia 0x500000 hadi mwisho. Hapakuwa na eneo la kadi ya mtandao ya Intel, kwa kuwa bodi ilitumia chipu ya Realtek. Kwenye bodi nyingi zenye mtandao wa Intel, anwani ya MAC hukaa ndani ya chipu hii ya BIOS, na kuandika faili la mtengenezaji bila kuihamisha huifuta.

Sehemu kubwa ya eneo la BIOS ililingana na toleo jipya. Kazi ilikuwa imekaribia kuisha kweli. Lakini kuanzia 0xFC0000 hadi 0xFFFFFF, kilobaiti 256 za mwisho, kulikuwa na FF tupu. Chipu ya flashi ikifutwa hubaki na FF kila mahali mpaka iandikwe. Programu ilikuwa imefuta kipande hicho na umeme ukakatika kabla haijakiandika.

Kilobaiti hizo 256 ndizo mbaya kuliko zote kukosekana. Prosesa ya Intel ikiamka huanza kusoma maelekezo kwenye anwani FFFFFFF0, baiti 16 chini ya kilele cha gigabaiti 4, na mwisho wa chipu ya BIOS umewekwa uangukie hapohapo. Kwenye faili ni 0xFFFFF0. Prosesa ilikwenda pale ikakuta FF. Kama umeme ungekatika mapema, wakati kipande cha kati kinaandikwa, flashi ya uokoaji huenda ingefanya kazi.

Fundi alitafuta pia namba ya seri (serial number) ya bodi iliyo kwenye stika, akaiona ikiwa imeandikwa ndani ya eneo la BIOS kwenye kipande cha kilobaiti 4 pamoja na UUID, namba ya kipekee ya mashine. Kwenye faili la mtengenezaji sehemu hiyohiyo ilikuwa FF, jambo la kawaida, kwani faili moja huandikwa kwa maelfu ya bodi na kila bodi hupewa utambulisho wake kiwandani. Windows hutumia utambulisho huo kujua kama bado iko kwenye mashine ileile.

Kutengeneza faili la kuandika

Faili la mtengenezaji lilikuwa na baiti 16,779,264, zaidi ya ukubwa wa chipu kwa 2,048. Hizo 2,048 ni kichwa cha kapsuli: programu ya kusasisha hukisoma na kukiondoa, lakini CH341A haijui habari hizo. Alama ya 5A A5 F0 0F ilikuwa kwenye 0x810 badala ya 0x10, ushahidi wa kutosha. Mafaili ya .CAP yaliyoandikwa pamoja na kichwa chake ni chanzo cha mashine nyingi zinazorudi kwa fundi zikiwa vilevile, kila baiti ikiwa imekaa nafasi 2,048 mbali na mahali pake.

Uchaguzi ulikuwa kati ya kuandika faili zima la mtengenezaji au kuchukua eneo la BIOS pekee na kubakiza jedwali na ME ya bodi yenyewe. Ulichaguliwa wa pili. ME hujiandikia data za bodi inapofanya kazi, na ME iliyovurugika huleta matatizo yanayochelewa kuonekana, kama mashine kujizima kila baada ya takribani dakika 30. Ya bodi hii ilikuwa nzima, basi iliachwa. Lilitumika toleo lilelile lililokuwa linaandikwa siku ile, kwa kuwa matoleo ya mbele zaidi mara nyingine hutaka ME nayo isasishwe.

dd if=toleo.cap of=toleo.bin bs=2048 skip=1
cp asili1.bin jipya.bin
dd if=toleo.bin of=jipya.bin bs=4096 skip=1280 seek=1280 conv=notrunc

Hiyo asili1.bin ni ile iliyosomwa nje ya bodi. Ya kwenye klipu ilishafutwa. Namba 1280 ni 0x500000 iliyogawanywa kwa 4096. Mwisho, kilobaiti 4 za utambulisho zilinakiliwa kwa HxD kutoka nakala ya asili hadi anwani ileile kwenye jipya.bin, kwa kuandika juu na si kuchomeka katikati, ili ukubwa wa faili usibadilike. UEFITool ilifungua faili hilo bila kulalamikia muundo wake.

Kuandika na kuwasha

Chipu ya asili haikuandikwa. Fundi alitoa chipu nyingine kwenye mzoga wa mazabodi iliyokufa kwa sababu nyingine, yenye kitambulisho kilekile EF 40 18, akaifuta na kuijaribu kwanza. Ile ya asili ikahifadhiwa kama ilivyo. Tunaona huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki: lolote ambalo lingekwenda kombo, mwanzo ulikuwa bado upo. Anayenunua chipu mpya aangalie mwisho wa jina: W25Q128JVSIQ hujibu EF 40 18, ilhali JVSIM hujibu EF 70 18 na mpangilio wake wa kiwandani ni tofauti.

flashrom -p ch341a_spi -c "W25Q128.V" -w jipya.bin

Ilimaliza kwa neno VERIFIED. Chipu ilichomolewa, ikachomekwa tena, ikasomwa upya na kulinganishwa kwa sha256. Ikalehemiwa kwenye bodi, kidoti kikiwa upande wake. Kabla ya umeme wowote, mita ilihakikisha kwamba mguu wa 8 na wa 4 havijagusana.

Mashine ilianza na i3-8100 na RAM moja. Iliwaka, ikajizima, ikawaka tena, na mwenye duka akadhani ugonjwa umerudi. Ni kawaida: baada ya mipangilio kufutwa, BIOS hujifunza RAM upya na huweza kujiwasha mara mbili tatu. Usichomoe. Chini ya dakika moja picha ilitokea.

Matokeo

Namba ya seri na UUID vilikuwa vilevile, na Windows ilibaki na leseni yake. Kulikuwa na tatizo moja dogo. Mashine ilisema hakuna diski ya kuanzia, kwa sababu Windows ile ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa zamani wa MBR na BIOS mpya ilikuja na CSM (sehemu inayoruhusu kuwaka kwa mtindo huo wa zamani) ikiwa imezimwa. CSM iliwashwa, SATA ikathibitishwa kuwa katika hali ya AHCI, saa ikarekebishwa, Windows ikafunguka. Siku iliyofuata i5-9400 iliwekwa na ikatambulika. Printa ya leza ilihamishiwa kwenye soketi ya ukutani.

Uchambuzi

Kilichoua BIOS ni printa kwenye UPS. Umeme kukatika ni jambo la kutarajiwa, na ndiyo maana UPS ilikuwepo. Iliondolewa uwezo wake na mzigo usiostahili kuwa pale. Wakati wa kuflashi, UPS ibebe kompyuta na skrini tu, na ijaribiwe kabla: chomoa waya wake ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, hesabu dakika kumi, ndipo uanze. Pia kuflashi kutoka ndani ya BIOS yenyewe, kwa flashi ya FAT32, kungekuwa bora kuliko ndani ya Windows. Kusingezuia umeme kukatika, lakini kungeondoa hatari ya Windows kuganda na ya kazi za kuchapa kuendelea pembeni.

Fundi wa kwanza alipoteza muda kwenye betri, lakini hakuharibu kitu. Hatari halisi ilikuja wakati wa kutibu. Hatua tatu zingeweza kuigeuza mazabodi inayotibika kuwa mzoga: volti 5 kwenye nyaya za data, umeme wa 2.5 kwenye klipu, na kuandika juu ya nakala pekee ya utambulisho wa bodi. Ya kwanza ilinaswa kwa mita, ya pili kwa kusoma zaidi ya mara moja kisha mita, na ya tatu iliepukwa kwa kutoiandika chipu ya asili. Kitambulisho sahihi cha chipu hakitoshi kuaminiwa, maana kusoma baiti tatu ni kazi nyepesi kuliko kusoma milioni 16.

Kuondoa chipu kulikuwa na gharama yake. Joto likizidi huvimbisha bodi au kusogeza vipuri vya jirani. Kwa mwenye bloa mbaya au mkono usiozoea, njia ya kati ni kuinua mguu wa 8 peke yake kwa pasi nyembamba ya kulehemu, ili chipu ijitenge na njia ya 3.3 ya bodi, kisha kutumia klipu. Kwenye baadhi ya bodi hatua hiyo haihitajiki kabisa, klipu husoma sawasawa mara tatu mfululizo. Sha256 ndiyo itakayosema.

Utaratibu huu haufai ulivyo kwa kila mashine. Kompyuta za kampuni kubwa na laptop mara nyingi hufungia BIOS ndani ya faili la .exe linalohitaji kufunguliwa kwanza, na baadhi hugawanya BIOS kwenye chipu mbili, kwa mfano ya megabaiti 8 na ya megabaiti 4, ambazo lazima zisomwe zote. Ufunguo wa Windows ya kiwandani unaweza kuwa ndani ya chipu. Zilizowashiwa Boot Guard hukagua saini ya sehemu ya kuanzia, hivyo faili lililounganishwa vibaya eneo hilo halitawaka hata kama flashrom imesema VERIFIED. Kwenye laptop kadhaa, chipu hiyohiyo hubeba pia programu ya kidhibiti cha kibodi na chaji, kwa hiyo laptop iliyoandikwa faili pungufu haiwashi hata taa.